Mkono wa Kushoto wa Luqman

Mtu akikwambia waendesha baiskeli wa Mjambere ni watu wa maneno machache, jua hajapata kukaa nao hata kwa muda wa kuziba pancha moja. Hata msibani walikuwa wakibishana. Sajini Mwanatabu aliwasikia kabla hajakunja kona: sauti ya mtu mzima ikisema kiti laini ni adui wa makalio, na sauti ya mwanamke ikimjibu kwamba makalio ni yake na adui atamchagua mwenyewe. Halafu kikaja kimya, kimya cha watu waliokumbuka ghafla kwamba jana tu walitoka makaburini.

Sajini alipiga hodi kwenye nguzo, kwa kuwa banda halikuwa na mlango. Lilikuwa la mabati, sakafu yake imeshiba grisi ya miaka, na ukutani zilitundikwa rimu, cheni, tairi zilizochoka na tairi zilizokwisha kustaafu. Katikati ya ukuta, peke yake kama bibi harusi, ilining'inia baiskeli moja iliyofunikwa shuka nyeupe.

Ilikuwa ya Luqman.

Luqman Sharif, kijana wa hapo hapo Mjambere, alikufa jana Jumamosi asubuhi kwenye mteremko wa Changamwe unaoshukia Kibarani, akirudi na wenzake kutoka kwenye safari yao ya kila wiki. Trela lililokuwa nyuma yake lilimpitia. Jua halijazama alikuwa ameshazikwa. Dereva wa trela, mtu aitwaye Kioko, alilala korokoroni, na kesho asubuhi angesimamishwa mahakamani kwa kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha gari ovyo. Mkuu wa kituo alimwambia Mwanatabu kwamba kesi imejipika yenyewe, iliyobaki ni kupakua: aende Mjambere, achukue maelezo ya waliokuwa na marehemu, arudi kabla chai haijapoa.

Tatizo lilikuwa punda.

Kioko alipoulizwa hakusema kwamba kijana alimwingilia njiani, wala hakusema breki za trela zilikataa, hadithi ambayo madereva wa trela huzaliwa nayo. Alisema kijana alikuwa mbele yake, kando ya barabara, anashuka vizuri. Mkokoteni ukachomoza kichochoroni. Kijana akashika breki, na gurudumu la nyuma la baiskeli likainuka juu kama punda anayepiga teke, likamtupa mbele, katikati ya njia. "Yeye ndiye aliyeniangukia, afande," alisema Kioko. Jioni akaulizwa tena, na punda akarudi vile vile, hakuongeza mkia wala masikio. Mwanatabu alikuwa amesikiliza waongo wengi katika kazi yake, wakiwemo wakubwa zake, na alijua kwamba mwongo huchagua uwongo unaofanana na ukweli. Hakuna mwongo anayejichagulia punda.

Kwa upande wa pili alikuwapo Bi Ummi, mamake Luqman. Jana, matangani, bibi huyo alimshika Sajini kifundo cha mkono, akamwapisha kwamba dereva yule hatatoka. Mwanatabu akasema inshallah. Watu wa pwani wanajua inshallah ziko za namna mbili, ya kumwondoa mtu mlangoni na ya kujifunga. Ile ya jana ilikuwa ya kujifunga.

Bandani aliwakuta watatu. Mzee Mbarak, mwenyekiti, mstaafu wa bandarini, kichwa cha babu na miguu ya kijana. Ikhlas, muuza mitandio wa Kongowea, mwanamke pekee aliyekuwa akiendesha nao, na kwa ulimi wake hakuhitaji mwenzake. Wa tatu alikuwa Yasir, fundi wa baiskeli, rafiki wa Luqman tangu chuo cha Kurani walipokuwa wakichapwa fimbo moja kwa zamu. Yasir alikaa juu ya kreti, akilizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, macho kwenye spoki.

Sajini alimwamkia mzee, akaitikiwa marahaba, akawapa pole, wakamjibu wameshapoa, ingawa hakuna aliyekuwa amepoa. Akaomba shuka iondolewe.

Baiskeli ilimetameta. Ilikuwa safi kuliko siku iliyotoka dukani, cheni ina mafuta mapya, rimu zinang'aa. Mzee Mbarak alimweleza kwa fahari kwamba hiyo ni ada yao. Mwendeshaji akifa, baiskeli yake huoshwa siku anayooshwa mwenyewe, kila nati, kisha hufunikwa na kutundikwa mpaka hitima ya siku ya tatu, ndipo hujulikana atakayeirithi. Aliyasema hayo kwa upole, na hakujua kwamba anamwambia ofisa wa polisi jinsi walivyouosha ushahidi kwa sabuni ya unga. Mwanatabu alifungua mkoba, akatoa kashata, akaitia kinywani ili kinywa kisifanye kazi nyingine. Kosa halikuwa lao. Askari wa zamu ndiye aliyewapa baiskeli pamoja na ndara za marehemu, akidhani kila cha maiti hufuatana na maiti.

"Nani aliiosha?" aliuliza baada ya kumeza.

"Sote," alisema Mzee Mbarak. "Mimi fremu na cheni, Ikhlas magurudumu, Yasir huku juu, kwenye usukani."

Ukimwuliza mpenzi wa baiskeli swali moja hukupa darasa, na Sajini alikuwa ametoka nyumbani na subira ya kutosha. Alitaka ajue Luqman alikuwa akiendeshaje. Mzee Mbarak akamwonyesha. Kiti cha Luqman kilipandishwa mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali mguu unanyooka, si zaidi, maana ukizidisha nyonga hucheza chakacha. Kiti chenyewe kilikuwa cha ngozi, kigumu, kilichoshika umbo la mwenye nacho. Hapo Ikhlas alikohoa. Alisema Luqman alinunua kile kiti kwa kumwogopa mzee, na miezi mitatu ya kwanza alikuwa akiswali kama mtu mwenye jipu. Mzee akasema lakini baada ya miezi mitatu je? Ikhlas akasema baada ya miezi mitatu alishavaa kaptura yenye sponji, akawa anamdanganya mzee kwamba amezoea.

Wote wawili walicheka. Kicheko kikafika kwenye shuka nyeupe iliyokunjwa mkononi mwa mzee, kikakatika.

Shida ya Luqman, walimwambia, haikuwa kiti. Ilikuwa mikono. Miaka iliyopita, alipokuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja huko Changamwe, mashine ilimbana mkono wa kulia. Mkono ulipona sura, haukupona nguvu. Vidole vilikuwa vikimfa ganzi, na kila safari alikuwa akiukung'uta mkono njiani kama anayefukuza nzi. Usukani wake ulikuwa wa chini, ulionyooka, wa kumlaza mtu kifudifudi, na uzito wote wa mwili ukawa unakaa juu ya viganja. Usiku mamake alikuwa akimkanda kwa mafuta ya nazi ya moto.

"Na breki?" aliuliza Sajini. "Alikuwa akishikaje breki?"

"Kwa kushoto peke yake," alisema Ikhlas. "Tulikuwa twamwita Mashoto. Ule wa kulia ulikuwa hauwezi kubana hata ndimu."

Mwanatabu alisogea, akaitazama mikono ya breki. Ni kweli. Wa kushoto ulikuwa umelika, rangi imetoka, chuma kimekuwa laini kwa kubanwa. Wa kulia ulikuwa mpya kama kijiko cha wageni.

Akaomba aonyeshwe jambo. Mzee Mbarak alishusha baiskeli yake mwenyewe, akaisukuma kwa kasi, akabana breki ya mbele. Gurudumu la nyuma likaruka juu, kitako cha baiskeli kikasimama angani, kikarudi chini kwa kishindo. Akaisukuma tena, akabana ya nyuma. Safari hii gurudumu la nyuma lilikwama, likaburura, likachora mstari mweusi sakafuni. Halikuinuka hata unene wa shilingi.

"Basi sikiza, mwanangu Sajini," alisema mzee, akihema. "Breki ya mbele iko kulia. Ya nyuma iko kushoto. Ndivyo baiskeli zetu zilivyo tangu kina babu. Luqman alikuwa akibana kushoto tu, na kushoto ni nyuma. Ya nyuma yaburura, hairushi. Kwa hivyo huyo dereva wenu, huyo punda wake akamuuze kwengine."

Hesabu ilikuwa imenyooka. Mtu asiyeweza kubana breki ya mbele hawezi kurushwa na breki ya mbele. Kioko ni mwongo, Bi Ummi atapata haki yake, na inshallah ya jana imetimia. Sajini angeweza kuaga hapo, na chai ingekuwa bado ina moshi. Gurudumu mkononi mwa Yasir lilikuwa likizunguka, tik, tik, tik.

Lakini Mwanatabu alikulia Likoni, kwenye nyumba ya mabinti saba na bibi mkali, na alifundishwa kwamba sahani iliyooshwa haikaguliwi katikati, hukaguliwa pembeni. Akaizunguka baiskeli ile taratibu. Pedali ya kushoto ilikuwa imepinda. Ukingo wa kiti, upande huo huo, lami ilikuwa imeuchubua ngozi mpaka kwenye nyuzi. Kwenye ekseli ya mbele palikuwa na mikwaruzo. Baiskeli ilianguka kwa upande wa kushoto, tena kwa nguvu, na sabuni haifuti hayo.

Akaufikia usukani. Ncha yake ya kushoto ilikuwa na mpira wa zamani, umelainishwa na kiganja cha mwenyewe. Akaupitisha kidole pande zote. Hapakuwa na mkwaruzo.

"Mzee wangu," alisema, "nisaidie mimi mjinga. Baiskeli ikianguka ubavu, ni kitu gani kinachotangulia kugusa chini?"

"Usukani," alisema Mzee Mbarak bila kufikiri. "Ndio uliotokeza kuliko vyote. Usukani, halafu pedali, halafu..."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile somo lilimkatikia kinywani. Akaja naye akapitisha kidole.

Sajini alimgeukia Ikhlas. Alitaka kujua kama kuna mtu aliyepiga picha jana kabla ya safari. Ikhlas akasema yeye hupiga kila Jumamosi, pale Kengeleni wanapokutana, kwa sababu wanaume hawa wakirudi huwa hawatazamiki. Akafungua simu. Alipoiona picha mwenyewe, alimkabidhi Sajini bila kuitazama tena.

Luqman alikuwa katikati, anacheka. Wenzake wameinama juu ya baiskeli zao kama watu wanaotafuta sindano. Yeye ameketi wima, kifua wazi, mabega yamepumzika, na mikono yake imeshika usukani mrefu uliopinda kuja nyuma, wenye vishikio vya rangi ya kahawia. Huo haukuwa usukani uliokuwa ukutani.

"Ah, ule mpya," alisema Ikhlas. "Yasir alimwekea Ijumaa. Ilikuwa zawadi, hakumwambia. Luqman alikuja jioni kuchukua baiskeli iliyozibwa pancha, akakuta kiti cha enzi. Alifurahi, ungemwona. Makupa tuliposimama kunywa maji aliniambia hata breki za leo tamu, ukizigusa tu zaitika."

"Na leo hamkuona kwamba haupo?"

"Nilidhani umevunjika pale barabarani. Nikajua fundi amemrudishia wa zamani, aonekane na umbo lake." Akamtazama Yasir. "Si ndivyo?"

Gurudumu lilikuwa limesimama.

Mwanatabu hakuinua sauti. Alimwuliza Yasir usukani ule mwingine uko wapi. Yasir aliinuka, akaingia kwenye chumba chake nyuma ya banda. Sajini akasimama mahali pa kumwona. Hakukimbia. Alirudi na kitu kirefu kilichofungwa kikoi, akakiweka juu ya meza ya kazi, akafungua fundo kwa vidole viwili kama mwenye kumfungua mtoto nepi. Baadaye alieleza kwamba aliupeleka hadi daraja la Nyali ili autupe majini, akasimama pale na gari zikimpita, akashindwa, akarudi nao.

Ncha ya kushoto ilikuwa imeparuzwa na lami mpaka chuma kikaonekana. Mikono ya breki ilikuwa bado imefungwa mahali pake, na chini yake zilining'inia waya mbili, moja fupi, moja ndefu.

"Hii fupi huenda wapi?" aliuliza Sajini.

"Mbele."

"Na hii ndefu?"

"Nyuma."

Mwanatabu aliishika ile fupi mwishoni, akaifuata kwa kidole polepole, kupanda, kuzunguka mpindo wa usukani, mpaka ilipoingia kwenye mkono wa breki. Ulikuwa mkono wa kushoto. Mzee Mbarak alikuwa akitazama juu ya bega lake. Alisema la ilaha ila Allah, kwa sauti ya mtu anayejisemea, akatafuta mahali pa kukaa.

Yasir aliyaeleza yaliyobaki akiwa amesimama. Usukani ulitoka kwenye baiskeli ya mtumba, kontena la Ulaya, kwenye zile nchi ambazo hata gari zao hupita upande mwingine. Breki za huko huja kinyume, ya mbele kushoto, ya nyuma kulia. Kila fundi Mombasa anajua hilo, na yeye mwenyewe alikuwa ameshazigeuza baiskeli nyingi hata hana hesabu. Ila siku zote ilikuwa baiskeli nzima. Safari hii ulikuja usukani peke yake, na waya zake, na mikono yake ya breki, vyote vimo. Alikuwa na haraka, anataka amalize Luqman hajafika, amwone uso wake. Fupi akaipeleka mbele kwa kuwa inafika mbele tu. Ndefu akaipeleka nyuma. Akakaza nati.

"Hukuijaribu?" aliuliza Sajini.

"Niliijaribu, wallahi. Niliishusha mpaka barabarani, nikakimbiza, nikabana breki. Zikashika vizuri."

"Ulibana ipi?"

Yasir aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya fundi, imara, grisi imejaa kwenye mistari.

"Zote mbili pamoja," alisema. "Mimi sina mkono mbovu."

Nje alipita muuza mahamri akiita wateja, akaenda zake.

Kwenye tambarare, alieleza Mzee Mbarak baadaye kwa sauti ndogo, mtu akiigusa breki ya mbele kidogo kidogo haioni tofauti, ila huiona tamu tu. Toka Kengeleni mpaka Makupa mpaka Changamwe Luqman alikuwa akigusa kidogo kidogo. Mkokoteni ulipochomoza kwenye mteremko, alibana kwa nguvu zake zote, kwa mkono wake aliouamini, breki aliyoijua kuwa ya nyuma.

Lilibaki swali moja, na Sajini aliliuliza kwa kuwa lazima liulizwe. Yasir alijua lini? Akasema alijua pale pale. Alikuwa hatua chache nyuma ya Luqman, pembeni, na aliliona gurudumu la nyuma likipanda. Alimwona punda kabla dereva hajamtaja. Jana askari walipomwuliza barabarani alisema hakuona kitu, macho yaliingia vumbi. Jioni, wenzake wakiosha fremu na rimu, yeye aliomba apewe huku juu.

"Na Kioko?" alisema Sajini. "Uliniachia nimpeleke?"

"Nilikuwa najiambia nitasema baada ya hitima."

"Hitima ni kesho. Mahakama ni kesho. Ungekuwa unaitikia amina na mwenzio anafungwa."

Mwanatabu aliufunga tena usukani ndani ya kikoi chake, akautia kwapani. Alimwambia Yasir kwamba wataandika maelezo mapya kituoni, na sheria itamwuliza yake kuhusu kuficha kitu cha ushahidi. Lakini kwanza kuna mahali watapitia. Yeye, Mwanatabu, alimpa mama wa watu neno, na neno hilo sasa limevunjika. Hatalivunja yeye kwa niaba ya mtu, Yasir atamwambia mama kwa kinywa chake.

Nyumba ya Bi Ummi ilikuwa mtaa wa pili. Mbele wanawake walijaa mikekani, kwa hivyo walizungukia uani. Bi Ummi alikuwa amekaa kwenye kibao kando ya pipa la maji, mwanamke mdogo wa umbo, leso begani. Palikuwa na sinia ya wali aliyoletewa na majirani, imefunikwa kawa, haijaguswa. Alipomwona Yasir uso ulimlainika. Kijana huyu alikuwa amekula katika nyumba ile kabla hajaota meno ya utu uzima.

"Umekula wewe?" alimwuliza, hata kabla ya salamu.

"Sijala, mama."

"Kaa ule. Mwenzio hayuko, usinifanyie na wewe."

Yasir alikaa chini, kwenye sakafu, miguuni pake. Sajini alisimama karibu na mlango wa jikoni na hakumsaidia hata kwa neno. Kijana aliyasema yote. Alisema usukani, alisema kontena, alisema waya fupi na waya ndefu, akajikuta anamweleza mama mzee habari za nati, akaacha, akaanza tena, akasema, mimi ndiye niliyemwekea, mama, mimi. Akasema kosa halikuwa la dereva, Luqman ndiye aliyemwangukia. Akasema aliliona gurudumu, na alinyamaza.

Bi Ummi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe uliolala gotini. Ndani, kisomo kilikuwa kikiendelea kwa sauti za chini.

"Jana," alisema hatimaye, "mkono ulikuwa wamuuma?"

Yasir hakuelewa. "Mama?"

"Mkono wake. Ule wa kulia. Juzi usiku hakuja kunitaka nimkande. Nalimngoja na mafuta, hakuja. Nnataka kujua, asubuhi ulikuwa wamuuma?"

"Haukuwa ukimuuma," alisema Yasir. "Hakuukung'uta hata mara moja. Alisema hajapata kufika Changamwe mikono yake ikiwa yake."

Bi Ummi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea kitu na hajui pa kukiweka. Kisha akamtazama Sajini, akanyoosha mikono kuelekea kikoi. Mwanatabu alisita. Hicho kilikuwa kizibiti, na leo vizibiti vilikuwa vimeshikwa na watu wa kutosha. Akaufungua, akampa.

Mama aliuweka usukani mapajani. Alivipapasa vile vishikio vya kahawia, akavishika, kila mkono upande wake, akakaa hivyo, wima, kama mwanawe kwenye picha.

"Huyo dereva," alimwambia Sajini. "Yuna mama?"

"Anaye, Makueni. Tangu jana anapiga simu kituoni."

"Basi mwamngoja nini?"

Sajini alisema faili litabadilishwa leo hii, na kesho hakutakuwa na mashtaka. Alitaka kuongeza jambo kuhusu neno alilompa. Bi Ummi alikuwa ameshamwacha, amemrudia Yasir. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa mpaka utosi wake ulikuwa karibu na magoti ya mama, mahali ambapo mkono ungeweza kumfikia bila shida. Mkono haukumfikia.

"Kesho hitimani usije," alisema Bi Ummi.

"Naam, mama."

Kawa lilikuwa bado juu ya wali. Nzi alitua juu yake, akaruka, akatua tena.

"Kesho kutwa njoo."

Yasir aliinuka. Alijipangusa uso kwa kiganja, grisi ikamwachia mstari shavuni, akaenda kusimama nje ya lango la ua kumngoja Sajini.

Mwanatabu alisogea kuchukua usukani. Alikuwa na haki nao, alikuwa na kazi nao, na kituoni kulikuwa na mtu aliyekuwa akihesabiwa kosa lisilo lake. Alinyoosha mkono, akangoja. Mkono wa kulia wa Bi Ummi uliachia kwanza. Wa kushoto ulikuwa umeubana mkono wa breki, vidole vimekuwa vyeupe, na ulichelewa sana.